Uchoraji na Jicho la Mwanafunzi

Mzazi mmoja alinijia shuleni siku ya kufunga muhula, ameshika ripoti ya mwanawe mkononi. Baada ya kusalimiana na kuulizana habari za nyumbani, aliweka kidole juu ya mstari mmoja wa ripoti ile akasema, "Mwalimu, kijana huyu nilimleta hapa asome. Sikumleta apake rangi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyetoa fedha yake dukani akapewa bidhaa asiyoiomba. Nami, kwa kuwa nilikuwa bado mgeni katika kazi, nilimjibu upesi kwamba mchoraji hodari naye hupata riziki: huandika mabango ya maduka, hupamba vitabu, hubuni nakshi za vitambaa. Alinisikiliza kwa adabu, akanishukuru, akaenda zake. Najua hakuridhika, na sasa naona alikuwa na haki ya kutoridhika. Katika wanafunzi 40 wa darasa lile sidhani kama watatoka wawili watakaokula kwa brashi. Ikiwa somo la uchoraji lina faida kwa hao wawili tu, basi wale 38 tunawapotezea wakati wao, na yule mzazi alisema kweli.

Insha hii ni jaribio la kumpa jibu jingine, ingawa limechelewa.

Katika kipindi changu cha kwanza cha uchoraji niliwaambia wanafunzi wachore nyumbani kwao. Niliidhania kazi nyepesi, maana ni nani asiyejua kwao? Nilipokusanya karatasi nilistaajabu. Nyumba karibu zote zilikuwa nyumba moja. Ilikuwa na paa jekundu la pembe tatu, madirisha mawili yenye alama ya msalaba, njia iliyojipinda kuelekea mlangoni, jua lenye miale katika pembe ya karatasi, na juu ya paa dohani ikitoa moshi. Dohani! Watoto wale walitoka katika nyumba za mabati, na nyumba za udongo, na vyumba vya kupanga vya mjini. Moshi wa jikoni kwao hutoka kwa mlango, au hupenya katika nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Nilimwuliza msichana mmoja, "Dohani hii iko upande gani wa nyumba yenu?" Aliitazama karatasi yake kana kwamba imechorwa na mtu mwingine, kisha akajibu, "Haipo, Mwalimu. Lakini nyumba huchorwa hivi."

Nimelifikiri jibu lile kwa miaka mingi. Msichana yule hakuwa mjinga, wala hakuwa mvivu. Mistari yake ilikuwa safi kuliko ya wenzake wengi. Wala mimi sina ugomvi na dohani. Zipo katika nyumba za zamani za Limuru na za Nairobi, na anayekaa humo aichore kwa amani. Kosa lilikuwa mahali pengine. Aliiona nyumba ile katika kitabu cha picha alipokuwa mdogo, akaichora, akasifiwa. Akaichora tena, akasifiwa tena. Hata mkono ukazoea, na jicho likaachishwa kazi. Alikuwa na kwao, akapaacha nje ya karatasi. Na mtu aliyezoea kuchora nyumba kama "inavyochorwa" hataona tabu kuandika insha kama zinavyoandikwa, na kumfikiri jirani yake wa kabila jingine kama anavyofikiriwa.

Juma lililofuata nilileta sufuria kutoka jikoni mwa shule, nikaiweka juu ya meza katikati ya darasa. Niliwaambia wachore wanachokiona, si zaidi, si pungufu. Msomaji, ikiwa hujapata kufanya jaribio hili, lifanye leo jioni kabla ya chakula. Wanafunzi karibu wote walichora mdomo wa sufuria kuwa duara kamili, na chini yake kitako kilichonyoka kama ukingo wa rula. Kwa nini? Kwa sababu wanajua kwamba mdomo wa sufuria ni duara, na wanajua kwamba kitako chake hukaa sawasawa mezani. Yote mawili ni kweli. Lakini hapana mmoja wao aliyeliona duara lile pale alipoketi. Aliyeketi kitini huona mdomo umebanwa juu na chini, ukawa lile umbo ambalo walimu wa hesabu huliita duaradufu. Nilimwita mvulana mmoja asimame juu ya meza, aitazame sufuria kutoka juu: hapo aliona duara. Nikamwambia ashuke, arudi nyuma, achuchumae polepole. Kila alivyoshuka ndivyo mdomo ulivyozidi kubanwa, hata jicho lake lilipokuwa sawa na ukingo wa sufuria, akapaza sauti, "Mdomo umekwisha! Umekuwa mstari!" Darasa zima likacheka, kisha wote wakaanza kuinama na kuinuka vitini mwao kama watu walio katika mashua.

Hapo ndipo somo lilipoanza. Mwanafunzi aligundua kwamba kujua kwake kulikuwa kumemziba macho. Masomo mengine, nayo ni masomo mema, humwongezea mtoto mambo ya kujua. Hili humwuliza kama ametazama. Tena lina jambo jingine la ajabu. Wawili walioketi pande mbili za chumba walianza kubishana: mmoja amechora mkono wa sufuria upande wa kulia, na mwingine ameuchora umemwelekea kama pua. Kila mmoja alidai mwenzake amekosea, mpaka nilipowabadilisha viti. Walirudi mahali pao bila kusema neno.

Lakini nisieleweke vibaya. Wako watu wasemao kwamba katika sanaa hapana kosa, kila mtu na lake. Maneno hayo hupendeza masikioni, nayo si kweli. Pale alipoketi mwanafunzi pana mdomo mmoja tu wa sufuria, nao waweza kupimwa. Atanyoosha mkono mbele yake wote, atafumba jicho moja, atasimamisha penseli, na kwa ukucha wa kidole gumba atapima upana wa sufuria dhidi ya kimo chake. Akikuta upana ni mara mbili ya kimo, naye amechora sawa kwa sawa, amekosea, wala hapana falsafa ya kumwokoa. Viti ni vingi, lakini kila kiti kina ukweli wake, na ukweli huo ni mkali.

Rangi nayo ina ukali wake. Mtoto hufungua kichupa cha kijani akapaka jani la mgomba, akaona amemaliza. Mwambie alilete jani lenyewe, aliweke dirishani. Ataona kwamba upande unaopigwa na jua unaelekea unjano, upande wa kivuli unaelekea ubuluu, ukingo uliochanwa na upepo ni wa kahawia, na ule mshipa mnene wa katikati karibu ni mweupe. Kijani ya kichupa haimo kabisa. Hulazimika basi kuchanganya bluu yake na njano yake, aongeze na tone la nyekundu ili ukali upungue, na katika kuchanganya huko huharibu nyingi kabla ya kupata moja. Rangi za maji humfundisha uamuzi pia, kwa maana weupe wake ni weupe wa karatasi. Mahali panapotakiwa kuwa na mwanga ni lazima pachaguliwe kabla ya brashi kuguswa, paachwe vivyo hivyo. Pakishapita rangi, maji yakimwagika hayazoleki. Nimewaona vijana hodari wa mdomo wakikaa kimya dakika kumi mbele ya karatasi tupu kwa ajili ya kutafuta mahali pa kutopaka kitu.

Sasa, mwalimu afanye nini wakati mwanafunzi anapohangaika hivyo? Hili ndilo swali zito kuliko yote, nami nina sababu yangu ya kulionea uzito. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilichora mti wa mwembe, nikashindwa na matawi yake. Mkufunzi wangu, mtu mkarimu, alikuja nyuma yangu, akachukua brashi mkononi mwangu, na kwa mapigo ishirini hivi akaumaliza mti wangu. Ulikuwa mti mzuri sana. Ulitundikwa ukutani, na jina langu likaandikwa chini yake, na wenzangu walinipongeza. Kwa muhula mzima nilipita chini ya mti ule nimeinamisha uso. Hata leo matawi ya mwembe hunipa tabu, kwa sababu sikuachwa nishindwe nayo mpaka mwisho.

Katika Afrika Mashariki swali hili lilianza kujibiwa zamani. Mwaka 1937, huko Kampala, Bi. Margaret Trowell, Mwingereza aliyekuwa amekaa Machakos kabla ya kuhamia Uganda, alianza kufundisha uchoraji barazani mwa nyumba yake. Darasa lile la barazani ndilo lililokua likawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo baadaye ilipewa jina lake. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Njia yake ilikuwa hii: hakuwawekea wanafunzi picha ya kuiga. Aliwasimulia jambo kwa maneno, pengine shughuli za kijijini, pengine kisa cha Biblia, akawaambia walione kwanza ndani ya fikira zao, na wakishaliona walichore. Aliogopa kwamba akiwaonyesha picha za Ulaya mapema wataziiga, na yale waliyo nayo wao wenyewe yatafifia. Kwa maneno mengine, aliogopa dohani.

Nampa heshima yake. Mtu aliyeamini, wakati ule wa ukoloni, kwamba kijana wa Kiafrika anayo picha ndani yake inayostahili kungojewa, alikuwa amewazidi wengi wa zama zake. Walakini njia yake ina upungufu, nao yafaa usemwe. Nani aliyempa mtu mmoja madaraka ya kuamua ni picha zipi mwanafunzi azione na zipi asizione? Kumficha mtu vitabu ili asiharibike ni kumdhania kuwa mtoto milele. Tena asiyeonyeshwa picha za wengine hana cha kulinganisha na yake. Cecil Todd aliyemfuata hapo Makerere mwaka 1958 aliufungua mlango aliokuwa ameufunga yeye: alifundisha elimu ya rangi kwa utaratibu, na akawaonyesha wanafunzi michoro ya Ulaya, hata ile ya kisasa. Wapo waliosema kwamba aliwapeleka mbali na kwao. Kwangu mimi, nafikiri mwanafunzi wa sufuria anawahitaji walimu wote wawili, lakini kwa zamu: kwanza yule wa kumwachia jicho lake, kisha yule wa kumwonyesha macho ya wenzake duniani. Zamu hizo zikipinduliwa, dohani hurudi.

Anayetaka kuona matunda ya mafunzo hayo na aende Murang'a, katika kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo. Kanisa lile lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa katika miaka ya vita vya Mau Mau, na ndani yake mna michoro mikubwa mitano ya ukutani iliyochorwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Elimo Njau, mwanafunzi wa Makerere, aliyezaliwa Marangu katika mwaka 1932. Michoro hiyo yahusu maisha ya Yesu: kuzaliwa, kubatizwa, chakula cha mwisho, kusulubiwa. Yesu wake ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni nchi ya Wagikuyu, yenye milima na miinuko ile ile ambayo msafiri huiona akitoka tu mlangoni mwa kanisa.

Watu wengi husifu weusi wa Yesu yule, wakaishia hapo. Mimi naona wamesifu jambo dogo. Mtu aweza kuchukua picha iliyochorwa Italia, akaiiga mstari kwa mstari, akabadili rangi ya ngozi peke yake. Hiyo itakuwa dohani iliyopakwa rangi nyingine. Sifa ya Njau ni kubwa kuliko hiyo. Alikuwa mgeni mahali pale, mtoto wa Kilimanjaro. Miinuko ya Murang'a haikuwa ya kwao. Mwenyeji angeweza kuichora kwa mazoea. Mgeni hakuwa na mazoea ya kuyategemea, ilimbidi atazame. Naamini ndiyo sababu nchi ile haikukaa nyuma ya watu kama pazia la jukwaani. Imo ndani ya habari yenyewe. Na katika mji uliokuwa umezika watu wa pande zote, wengine wakiuana ndugu kwa ndugu, kuchora kifo cha mwenye haki katika ardhi ile ile halikuwa pambo. Anayesimama mbele ya ukuta ule hawezi kusema kwamba mambo yale yalitukia mbali.

Njau huyo ndiye aliyeshirikiana na wenzake kuanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, nyumba ya kuonyeshea na kufundishia sanaa, ambayo iliungua moto mwaka 1997 lakini haikufa. Maisha yake yote alihubiri dhidi ya kuiga. Kwa muda mrefu nami nilihubiri vivyo hivyo, tena kwa sauti ya juu kuliko yake, mpaka nilipokutana na habari za Edward Saidi Tingatinga.

Tingatinga hakuingia darasa la sanaa hata siku moja. Alitoka kusini mwa Tanzania akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na karibu na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao laini za kukandamizwa. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mtu mwingine. Alikuwa amechora miaka minne tu. Lakini jamaa zake na wanafunzi wake waliendelea, na jinsi walivyofundishana ilikuwa ni kuiga: mwanagenzi hupaka kwanza rangi ya nyuma, kisha hufuatisha mnyama wa mwalimu wake, kisha hutia madoa, siku baada ya siku. Kwa sheria yangu, kazi hiyo yote ingestahili sifuri. Nayo imewapa watu ustadi wa mkono ambao wanafunzi wangu hawana, na baadhi yao wametoka humo wakiwa na mnyama wao wenyewe, asiyefanana na wa mtu. Wengine, ni kweli, wanachora chui yule yule kwa watalii hata leo. Nimelazimika kukubali kwamba kuiga si adui kwa kila mtu. Fundi humwiga fundi ili ajue kazi ilivyofanywa, na akiwa anajua kwamba anaiga. Msichana wa dohani hakujua.

Yuko pia Rosemary Karuga, ambaye habari zake huwasimulia wanafunzi wanapolalamika kwamba shule haina rangi. Alisoma sanaa Makerere kuanzia 1950 hata 1952, akiwa mwanamke wa kwanza kusoma sanaa hapo, kisha akafundisha mashuleni miaka mingi bila kazi zake kujulikana. Uzeeni, katika miaka ya 1980, alirudia sanaa. Hakuwa na vifaa vya kutosha, basi alichukua pakiti za unga na karatasi za kufungia sabuni, akazikata vipande vidogo vidogo, akavibandika hata vikawa kuku, wanawake na mashamba. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Harlem, huko New York. Alifariki mwaka 2021. Katika ile miaka yote ya ukimya alikuwa amehifadhi nini? Si rangi, wala si brashi. Ni jicho lililoweza kuona manyoya ya kuku katika karatasi ambayo sisi wengine tunaitupa.

Katika shule zetu somo hili limepanda na kushuka. Mtaala ulioanza mwaka 1985 ulilipa nafasi. Baadaye likaondolewa katika mtihani wa shule za msingi, na jambo lisilotahiniwa kwetu husahauliwa upesi. Mtaala wa umilisi umelirudisha. Lakini nimeona vipindi vya sanaa vikichukuliwa kwa marudio ya hesabu, na nimeona mwalimu akichora ua ubaoni, na watoto 50 wakalichora ua lile, na wote wakapata alama ya vema.

Yule msichana nilibaki naye mpaka mwisho wa mwaka. Katika mtihani wa ndani niliwapa kazi ile ile ya kwanza: nyumbani kwao. Safari hii hakuchora nyumba kwa nje. Alichora chumba kimoja, pazia lililokigawa, jiko la makaa, ndoo mbili za maji, na upande wa kulia meza. Mdomo wa ndoo ulikuwa sahihi. Meza ilikuwa na kosa la ajabu: uso wake wa juu haukuonekana kabisa, na badala yake alichora mbao za chini, pale miguu inapoungana. Niliandika kwa wino mwekundu, "Meza haiko hivi," nikampa alama 11 kati ya 20.

Alinijia siku ya pili na karatasi yake. "Mwalimu," alisema, naye akitazama chini kwa heshima, "mimi nilichora nikiwa nimeketi mkekani. Kwetu kiti ni kimoja, nacho ni cha baba."

Nilimwambia nitaitazama tena. Jioni, wanafunzi walipokwisha kwenda bwenini, nilifunga mlango wa darasa, nikaketi sakafuni mbele ya meza yangu. Niliona mbao za chini, na miguu ilipounganishwa, na msumari mmoja ambao fundi aliupinda bila kumaliza kuupiga. Uso wa meza, ambao nimeandikia juu yake miaka yote hii, haukuonekana. Nikainuka, nikatafuta karatasi yake, nikaifuta ile 11.